Mnara wa kamera, kijana mwenye darubini au kopo la rangi: kipi kinamwokoa tumbusi kwenye turbini?

Anayejenga shamba la upepo Afrika Mashariki hakosi wageni wa kumuuzia dawa ya ndege. Wa kwanza ana mnara wa kamera unaomtambua tai angali mbali na kuizima turbini bila mtu kugusa kitufe. Wa pili ana rada. Wa tatu ana kisanduku cha kupiga kelele zisizosikika na binadamu ili popo wakae mbali. Wa nne hana hata katalogi. Anasema tu, paka panga moja rangi nyeusi. Wakopeshaji nao wanataka kuona kifaa kimetajwa kwenye mpango wa bioanuwai kabla fedha hazijatoka, basi mwenye mradi ananunua kile kinachopendeza kwenye picha.

Tumevipitia vifaa na huduma hizi kwa macho ya mtu atakayeviendesha Kajiado, Marsabit, Singida au Mufindi: vumbi, jua la utosini, vipuri vinavyokaa bandarini, na chumba cha udhibiti chenye mtu mmoja zamu ya mchana. Hukumu yetu kwa mwenye haraka: kati ya vinavyozima turbini, waangalizi waliofunzwa, wenye redio na mamlaka, ndio ununuzi bora. Rangi ni rahisi na ina matumaini ukiiagiza kabla panga halijatoka kiwandani. Kamera ni nyongeza. Kuondoa mizoga ya mifugo kunavishinda vyote kwa kila shilingi. Na hakuna hata kimoja kinachotibu kiwanja kibaya.

Hesabu ya sekunde

Kifaa chochote cha kuzima turbini kinapimwa kwanza kwa muda. Chukua turbini yenye duara la mapanga la mita 103, kama zile 60 za Kipeto kule Kajiado. Ukiiona kutoka barabarani inazunguka kivivu, lakini ncha ya panga inakwenda mita 70 hadi 80 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Tumbusi (Wakenya wengi humwita tai, na hapo ndipo ripoti nyingi huchanganyikiwa) anapoteleza angani hufanya kama kilomita 60 kwa saa. Kilomita moja anaimaliza kwa dakika moja.

Ndani ya dakika hiyo mambo haya yote yatendeke: mtu amwone ndege, amtambue, aamue anaelekea turbini ipi, aite kwa redio, mhudumu ajibu na kubonyeza. Hizo ni sekunde 20 hadi 30 kwa watu waliozoea kazi. Kisha mapanga yenyewe yageuke kukata upepo kwa upande wake mwembamba. Mota za kugeuza zikienda nyuzi 4 au 5 kwa sekunde, kufika nyuzi 90 ni kama sekunde 20, na rota (mapanga na kitovu chake) bado inahitaji muda kupoteza mwendo. Jumla inakaribia dakika nzima. Kwa hiyo ndege anayeonekana kwa mara ya kwanza akiwa mita 800 amechelewa kuonekana. Lengo ni kilomita 1.5, na akija na upepo mgongoni, 2. Muuzaji akikwambia kifaa chake "kinaona hadi kilomita moja", rudi kwenye hesabu hii kabla ya kusaini.

Na mbona ndege mwenye macho makali hivyo asikwepe mwenyewe? Kwa sababu macho ya tumbusi yamewekwa kutazama chini. Juu ya kichwa chake kuna eneo kubwa asiloliona, na akiinamisha kichwa kutafuta mzoga, eneo hilo linakuja mbele yake. Anaruka huku hajui kilicho mbele. Ndiyo maana taa na sanamu za kutisha ndege hazifai kwenye kazi hii, na anayeuza hizo tumemwacha nje ya tathmini.

Waangalizi: bora kuliko wanavyosifiwa

Huduma ya kuzima turbini kwa amri ya mwangalizi ina rekodi ndefu Tarifa, kusini mwa Hispania, kwenye mlango bahari wanakovukia ndege wanaohama kati ya Ulaya na Afrika. Matokeo ya mwanzo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha vifo vya tumbusi vimepungua kwa nusu, na umeme uliopotea ulikuwa asilimia 0.07 tu kwa mwaka. Uchambuzi mrefu zaidi wa 2022, uliofuata mashamba 20 ya eneo hilo, ulipata vifo vya tumbusi vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 92 na hasara ya umeme chini ya asilimia 0.6. Angalia tofauti ya matokeo ya mwanzo na ya baadaye: njia ni ileile ya mtu na darubini, ila uzoefu umeongezeka. Huduma hii hukomaa kadiri inavyotumika, jambo ambalo kifaa cha kununua hakikuahidi.

Kwetu mfano ulio karibu ni Kipeto: megawati 100, imeanza kuuza umeme 2021, na majirani zake ni tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe, wote wawili wakiwa kwenye daraja la hatari ya juu kabisa ya kutoweka. Majabali ya Kwenia wanakozalia tumbusi wa Rüppell yako Kajiado hiyohiyo. Shamba linatumia vijana wa eneo waliofunzwa kutambua ndege na kuita turbini zizimwe. Kijana aliyekua akichunga ng'ombe kwenye tambarare ile ana jicho la mbali ambalo cheti halimpi mtu. Anachofundishwa ni majina, umbali na nidhamu ya redio.

Huduma nzuri inajulikana kwa mambo yafuatayo, na zabuni isiyoyataja irudishwe.

Vituo vya kutazamia vipangwe kwa ramani ya miinuko, si kwa kugawa shamba sawasawa. Kila kituo kione kilomita 2 bila kizuizi upande ndege wanakotokea. Mgongo mmoja wa kilima ukificha bonde, weka kituo cha pili. Watu wawili kwa kituo, wakibadilishana kutazama, kwani macho huchoka baada ya saa mbili na uchovu huo mwangalizi mwenyewe haujui. Saa za kazi zifuate hewa ya joto inayopanda: siku nyingi tumbusi huanza kupanda kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi na kutulia saa kumi na moja jioni. Penye ukingo wa bonde la ufa zamu ianze mapema, kwa kuwa huko upepo unaogonga jabali huwanyanyua hata kabla jua halijapasha ardhi.

Vifaa: darubini ya 8×42 au 10×42 kwa kila mtu, darubini ya miguu mitatu ya kukuza mara 20 hadi 60 kwa kila kituo, kipima umbali, ramani yenye namba za turbini iliyogundishwa mezani na kuelekezwa kaskazini, redio mbili zenye betri za akiba, kivuli na maji. Kivuli si starehe. Bila kivuli mwangalizi hutazama upande usio na jua tu.

Lugha ya redio iwe moja na fupi. "Zima 14, 15, 16." Mhudumu anarudia: "14, 15, 16, nazima." Mwangalizi anaandika saa, aina ya ndege, idadi na urefu. Kuwasha tena ni mpaka ndege awe ametoka zaidi ya kilomita moja na anaelekea nje, si pale anapoonekana "amepita". Tumbusi huzunguka; aliyepita dakika tatu zilizopita ndiye anayerudi.

Sasa makosa. La kwanza na baya kuliko yote ni mhudumu kuomba ruhusa kwa meneja. Amri ya mwangalizi ikihitaji kibali, huduma haipo, hata mishahara ikilipwa. La pili limo kwenye karatasi: mkataba wa matengenezo na mtengenezaji wa turbini hupima asilimia ya muda ambao mashine ipo tayari kufanya kazi. Usipoandika kwamba muda wa kuzimwa kwa ajili ya ndege hauhesabiwi, kila tumbusi anayeokolewa anakuwa ugomvi wa fidia, na pole pole chumba cha udhibiti kinajifunza kutosikia redio. La tatu ni bonasi ya wafanyakazi kupimwa kwa yuniti zilizozalishwa. La nne, kuwaajiri waangalizi wiki ambayo turbini zinawashwa. Wanahitaji miezi kadhaa kabla, na mtihani wa kutambua kivuli cha ndege kinachopita mbali, ambapo korongo mfuko-shingo, tumbusi na tai hufanana sana machoni pa mgeni.

Na hasara ya umeme? Turbini ya megawati 1.7 ikisimama dakika 10 ikiwa kwenye nguvu kamili inapoteza yuniti 283. Mara nyingi ni chini ya hapo, kwa kuwa saa ambazo tumbusi hupanda na hewa ya joto mara nyingi si saa za upepo mkali zaidi. Meneja anayelalamikia yuniti hizo aoneshwe zile anazopoteza kwa gia iliyocheleweshewa mafuta.

Kamera: nzuri, lakini kwa nani?

Inayojulikana zaidi ni IdentiFlight ya Marekani. Ni mnara wenye kamera 8 zisizosogea zinazotazama pande zote, na juu yake jozi ya kamera zinazozunguka kumkuza ndege na kupima umbali wake. Kompyuta inaamua kama ni tai. Ikisema ndiyo, na njia yake inaelekea turbini, amri inakwenda yenyewe. Jaribio la Wyoming lililochapishwa 2018 lilionyesha kwamba iliona asilimia 96 ya ndege walioonwa na waangalizi, na wengine wengi ambao waangalizi hawakuwaona kabisa. Kwenye kutambua ilikosea hivi: tai walioitwa ndege wa kawaida walikuwa asilimia 6, na ndege wa kawaida walioitwa tai asilimia 28. Upande huo wa kukosea ndio sahihi, maana kosa la pili linakula umeme na la kwanza linaua. Mwaka 2021 watafiti walewale walitangaza kuwa vifo vya tai vimepungua kwa asilimia 82. Wanatakwimu wengine waliorudia hesabu wakasema ushahidi wa punguzo hilo ni mdogo. Muuzaji atakutajia 82.

Kasi yake haina mjadala: zile sekunde 20 hadi 30 za kutambua na kuita zinabaki chache sana. Haichoki wala haijibu simu. Lakini mfumo uliofundishwa kwa picha za tai wa Marekani haumjui tumbusi wetu wala ndege karani tamba. Unahitaji maelfu ya picha za hapa, na kazi hiyo ipangiwe msimu mzima kwenye ratiba. Kamera zinazozunguka hufuata ndege mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe akifa na tumbusi 50 wakashuka kwa mkupuo, mashine ina kazi ya kuchagua, huku binadamu angesema tu "zima safu nzima". Vumbi la kiangazi hukaa kwenye kioo, na atakayepanda kufuta apangwe kwenye ratiba kwa jina. Jua la asubuhi na jioni likiwa nyuma ya ndege, picha ni kivuli kitupu. Kilima kinachoficha bonde kinaficha kwa kamera vilevile.

Kabla ya kununua, uliza: nani anamiliki picha na data? Mfumo ukizimika, turbini zinaendelea kuzunguka au zinasimama? Fundi yuko nchi gani? Jibu la swali la pili ndilo la kuandikwa kwenye mkataba kwa herufi kubwa. Tungeinunua kwa ajili ya safu moja ngumu, pale waangalizi wanapoona ndege wakichelewa kila mara, na kuwaacha waangalizi kwenye shamba lililobaki.

Rada tutaipita haraka. Inaona mbali, usiku na kwenye ukungu, lakini haijui ndege ni nani. Kundi la njiwa na kundi la korongo kwake ni nukta. Inafaa kwenye njia kuu za uhamaji, ambako makundi makubwa huja kwa msimu. Barão de São João nchini Ureno waliunganisha rada na waangalizi kwenye turbini 25, wakamaliza miaka ya ufuatiliaji bila kifo cha ndege mkubwa anayepaa. Misri, kwenye Ghuba ya Suez, huduma ya aina hiyo ina mantiki: njia ya Bonde la Ufa na Bahari ya Shamu hupitisha zaidi ya ndege milioni 1.5 wakubwa wanaopaa. Kwa tumbusi wakaazi wanaozunguka hapohapo mwaka mzima, ni fedha nyingi kwa jibu la nusu. Pia inahitaji kibali cha masafa kutoka mamlaka ya mawasiliano, na kibali hicho hakitoki wiki moja.

Kopo la rangi

Hiki ndicho kifaa kinachozua ubishi. Kwenye kisiwa cha Smøla, Norway, penye turbini 68 na tai wengi wa baharini, mwaka 2013 walipaka rangi nyeusi panga moja kati ya matatu kwenye turbini nne. Matokeo yaliyochapishwa 2020: vifo vya ndege kwenye turbini hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 ukilinganisha na turbini jirani zisizopakwa. Sababu ni ya macho. Mapanga matatu meupe yakizunguka kwa kasi huchanganyika machoni yakawa kama ukungu mwepesi. Moja likiwa jeusi, ukungu unavunjika na kitu kinaonekana kinapita.

Turbini nne ni chache, na tunasema hivyo bila kulidharau jaribio. Pia tai wa baharini wa Norway hatazami chini kwa namna ya tumbusi, na rangi haimsaidii ndege asiyetazama mbele. Afrika Kusini, shamba la Umoya karibu na Hopefield limejaribu rangi nyekundu badala ya nyeusi, na hilo liko karibu zaidi na mwanga na ndege wetu.

Utekelezaji una mitego mitatu. Mapanga ya turbini huja kama seti iliyolinganishwa uzito. Ukipaka moja tu, kilo zinaongezeka upande mmoja, hivyo mlingano upimwe upya, la sivyo mtikisiko unakula beringi. Rangi nyeusi hufyonza joto, na panga ni nyuzi za kioo na gundi. Bila barua ya mtengenezaji kuthibitisha kiwango cha joto, udhamini unaondoka na rangi. Tatu, mamlaka ya usafiri wa anga inataka turbini ionekane na rubani, na nyeupe ndiyo iliyozoeleka, kwa hiyo ruhusa iombwe mapema. Kupaka kiwandani ni badiliko dogo la oda. Kupaka panga likiwa juu kunahitaji wapandaji wa kamba na siku za upepo mdogo, na hukujenga hapo kwa sababu ya upepo mdogo.

Tunaipa alama nzuri kwa mradi mpya. Kwa mradi uliokwisha simama, subiri siku panga linashushwa kwa matengenezo.

Popo, wasio na msemaji

Huku kuna jambo la bure ambalo mashamba mengi hayalifanyi. Upepo ukiwa chini ya kasi ya kuanza kuzalisha, turbini nyingi huachwa zijizungukie. Geuza mapanga yakate upepo, zisimame kabisa usiku. Hupotezi yuniti hata moja, na popo huruka zaidi usiku wa upepo mdogo.

Hatua ya pili inagharimu kidogo: pandisha kasi ya kuanzia hadi mita 5 kwa sekunde au zaidi kidogo, usiku, kwa miezi ya hatari. Jaribio la Casselman, Pennsylvania nchini Marekani, lilipunguza vifo vya popo kwa kati ya asilimia 44 na 93, na umeme uliopotea haukufika asilimia 1 kwa mwaka. Mabadiliko yenyewe ni ya programu. Hakuna chuma kinachonunuliwa.

Vile visanduku vya kelele za juu tungeviacha dukani. Sauti ya aina hiyo hufa upesi hewani, na ncha ya panga iko mita 50 kutoka kilipofungwa kisanduku. Texas vilipunguza vifo vya baadhi ya popo kwa nusu na zaidi, lakini aina nyingine hazikujali. Na kwetu popo wakubwa wala matunda, wale wanaolala kwa maelfu kwenye miembe, hawajiongozi kwa mwangwi wa sauti hizo. Wanatumia macho na pua. Unampigia kelele asiyesikiliza redio yako.

Mzoga: huduma isiyo na katalogi

Tumbusi haji shambani kutazama turbini. Anakuja kwa sababu ng'ombe amekufa. Mwaka wa ukame mzoga mmoja chini ya safu ya turbini unawaita makumi, na hapo waangalizi wako wanazima shamba nusu siku.

Huduma inahitaji namba moja ya simu inayojulikana na kila boma, pikapu yenye winchi, na watu wawili. Mzoga uondoke siku hiyohiyo. Usilipe fedha kwa kila mzoga, maana utaanza kuletewa mizoga kutoka mbali. Lipia mafuta na muda wa aliyetoa taarifa. Ufukiwe kwenye shimo la mita 2, au upelekwe mahali pa kulishia ndege mbali na turbini, na hapo angalia ramani: mahali hapo pasiwe upande ambao shamba linabaki kati ya majabali wanakolala na chakula chao. Kosa hilo huwaongezea safari za kuvuka turbini kila siku.

Mzoga wenye dalili ya sumu usipelekwe popote. Chembechembe za zambarau kwenye nyama, nzi waliokufa juu yake, bweha amelala hatua chache: hiyo ni carbofuran, dawa ya kuua wadudu, au ndugu yake. Unapigwa picha, taarifa inatolewa kwa mamlaka ya wanyamapori, kisha unachomwa. Kule Botswana mwaka 2019, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Kwa kipimo hicho, mradi unaolipia seng'enge imara kwenye maboma ili simba asile mifugo, na mwenye mifugo asitafute sumu, unaokoa tumbusi wengi kuliko mnara wowote. Hata taa za simba alizobuni kijana Richard Turere pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, betri ya gari, paneli ndogo ya sola na balbu za kumwekamweka, zinastahili mstari kwenye bajeti ya bioanuwai.

Wanaouza ripoti za "vifo sifuri"

Huduma ya kuhesabu vifo ndiyo inayochakachuliwa kirahisi kuliko zote. Fisi na bweha hawasubiri mkaguzi wa kila mwezi. Kabla ya kuamini namba, dai majaribio mawili: ya kuficha mizoga ili kuona watafutaji wanapata mingapi, na ya kuacha mizoga ili kuona inakaa siku ngapi. Mfano wa hesabu ya mkono: umepata ndege 6. Watafutaji huona 6 kati ya 10. Nusu ya mizoga huliwa kabla ya siku ya kutafuta. Eneo linalotembelewa ni asilimia 80 ya eneo ndege wanakoweza kuangukia. Zidisha 0.6 × 0.5 × 0.8, unapata 0.24, gawa 6 kwa hiyo. Waliokufa ni kama 25. Programu ya bure ya GenEst hufanya kazi hii vizuri zaidi na kukupa mipaka ya shaka. Mshauri anayeandika 6 bila majaribio amekuuzia karatasi.

Nyaya na sola

Mara nyingi laini ya kutoa umeme inaua zaidi kuliko mtambo. Viashiria vya kufunga kwenye waya, springi au vibao vya kuchezacheza, vilipimwa Karoo, Afrika Kusini: vilipunguza vifo vya ndege wakubwa kwa jumla kama nusu, kwa korongo wa buluu asilimia 92, lakini kwa ndege tandawala havikusaidia kitu. Sababu ni ileile ya macho ya chini. Kwa hiyo penye korongo taji, funga. Penye tandawala, hamisha laini au ifukie. Kwenye nguzo za kilovolti (kV) 33 na 11, kinachoua ni kikombe cha kuzuia umeme kilichosimama juu ya mkono wa chuma uliounganishwa na ardhi, tumbusi akitua na kufungua mabawa ya zaidi ya mita mbili. Ning'iniza vikombe chini ya mkono, vika nyaya za kuunganishia gamba la plastiki la kiwango cha laini hiyo, na acha nafasi ya kutosha kati ya vinavyopitisha umeme.

Kwa sola matatizo ni ya chini zaidi na yanarekebishika. Usikwangue ardhi yote kwa greda: vumbi litarudi kwenye paneli na utaliosha kwa maji usiyonayo. Acha ukoka chini ya paneli, nyasi ndefu kama Cenchrus ciliaris zibaki pembeni, na kata njia ya moto kuzunguka uzio. Kondoo wanafaa kulisha humo. Mbuzi hupanda paneli na kutafuna nyaya, usikubali hata wa jirani. Waya wa chini wa uzio uache nafasi ya sentimita 20 kwa kobe na wanyama wadogo. Karibu na maji, wadudu wa majini hudhani paneli ni kidimbwi na kutaga juu yake. Utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa mistari na mipaka myeupe hupunguza mvuto huo mara 10 hadi 26, kwa hiyo fremu nyeusi pale ni chaguo la urembo tu. Paneli zilizoinuliwa juu ya mboga, kama zile zilizojaribiwa Isinya, Kajiado, zinapendeza kwa mkulima, ila vyuma vya kuinulia ndivyo vinavyokula bajeti.

Tungenunua kwa mpangilio gani

Kwanza, mwaka mmoja hadi miwili ya kuhesabu ndege kabla ya ramani ya turbini kufungwa, kwa mtu asiyelipwa na muuza turbini. Nyika za Kinangop, makazi ya ndege wa Sharpe anayepatikana Kenya pekee, ziliwekewa mradi wa megawati 60 uliokufa 2016 baada ya wakazi kuukataa; kiwanja chenye maswali mengi kiasi hicho hakiokolewi na kamera. Pili, pikapu ya mizoga na simu yake. Tatu, waangalizi, wakianza miezi sita kabla ya turbini ya kwanza kuzunguka. Nne, mpangilio wa mapanga usiku kwa ajili ya popo, siku ya kwanza. Tano, rangi kwenye oda ya mapanga, mtengenezaji akikubali kwa maandishi. Kamera isubiri kumbukumbu za redio za mwaka wa kwanza: humo ndimo utaona ni turbini zipi ambazo amri ya "zima" hufika zikiwa zimechelewa, na mnara uwekwe hapo.